Sega na Nintendo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ugomvi wa mashine za gemu za biti 16

Ukitaka kuwaona watu wazima wenye ndevu zao wakibishana kama watoto, waulize ipi ilikuwa bora kati ya Sega Mega Drive na Super Nintendo. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mada hii inapoibuka. Majibu yana upande, nasema mapema: kwa maoni yangu vita hivi viliamuliwa na bei, mikataba na ubishi wa wakubwa maofisini, na chipu zilichangia kidogo kuliko wanavyodai mashabiki.

Ni mashine zipi hasa zinazozungumziwa?

Mbili, zote za Japani na zote za biti 16, yaani za kizazi chenye uwezo mkubwa kuliko kile cha biti nane kilichotangulia. Ya kwanza ni Mega Drive ya Sega, iliyoingia madukani Japani tarehe 29 Oktoba 1988, ikafika Marekani mwaka 1989 kwa jina la Genesis na Ulaya mwaka 1990. Ya pili ni Super Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani tarehe 21 Novemba 1990. Marekani iliipata 1991 na Ulaya 1992, na huko iliitwa Super Nintendo. Humu nitatumia Mega Drive na Super Nintendo tu, hata ninapoongelea nchi zilizotumia majina mengine.

Ilikuwapo na ya tatu, PC Engine ya NEC, ya mwaka 1987, ambayo nyumbani kwao Japani iliisumbua Nintendo kuliko Sega ilivyoweza. Nje ya Japani haikufika mbali, kwa hiyo tuiache.

Ugomvi ulianza lini?

Tarehe 15 Julai 1983. Siku hiyohiyo moja Nintendo ilitoa Famicom na Sega ikatoa SG-1000. Famicom ikaiacha SG-1000 mbali mno. Marekani nako soko la gemu za nyumbani lilikuwa limeporomoka mwaka huohuo. Maduka yalijaa kaseti mbovu ambazo hakuna aliyezitaka, na Atari, kampuni ya Marekani ya mashine za gemu, ikawa inavuja hasara. Nintendo iliingia huko mwaka 1985, na kufikia mwisho wa miaka ya themanini ilikuwa imeshika takriban asilimia 90 ya soko. Sega na mashine yake ya Master System iliambulia makombo Marekani, ingawa Ulaya na Brazil ilipendwa sana.

Hata Mega Drive yenyewe ilizaliwa na mkosi. Siku sita kabla haijatoka, Nintendo ilikuwa imetoa Super Mario Bros. 3, na Wajapani hawakuwa na macho ya kitu kingine.

Kwa nini Nintendo ilikuwa na nguvu kiasi hicho?

Gemu zake zilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Lakini nguvu yake ya pili ilikaa kwenye mikataba. Ndani ya kila mashine ya Nintendo iliyouzwa Marekani kulikuwa na chipu ya kufuli, na kaseti isiyo na chipu mwenza haikuwaka. Kampuni iliyotaka kutengeneza gemu ilibidi ikubali masharti: isizidi gemu tano kwa mwaka, gemu hiyo isipelekwe kwa mshindani kwa miaka miwili, na kaseti zote zitengenezwe na Nintendo yenyewe kwa oda iliyolipiwa kabla. Gemu isipouzika, hasara ni yako. Nintendo imeshachukua chake.

Konami iliona gemu tano hazitoshi, ikaanzisha kampuni nyingine, Ultra Games, ili ipate tano zaidi. Wengine walivumilia, maana duka bila Nintendo halikuwa duka.

Mega Drive ilipofika Marekani, basi, tatizo lake kubwa halikuwa ubora. Watengenezaji wengi wa gemu walikuwa wamefungwa mikono.

Nani alizifungua?

Electronic Arts ilifanya kazi kubwa zaidi. Wahandisi wake waliichunguza Mega Drive kwa ndani mpaka wakajua jinsi ya kuitengenezea gemu bila kuomba ruhusa. Kisha mwaka 1990 bosi wao, Trip Hawkins, akaenda Sega na pendekezo lililofanana sana na tishio: tupeni masharti nafuu, la sivyo tutauza bila leseni, na tutawaonyesha wengine njia. Sega ikakubali. EA ikaruhusiwa kujitengenezea kaseti, kutoa gemu nyingi kadiri ipendavyo, na kulipa mrabaha mdogo.

Nadhani hii ndiyo siku muhimu kuliko zote katika ugomvi huu, japo mashabiki huitaja mara chache kwa kuwa haina mhusika mwenye miiba kama Sonic, nungunungu wa Sega. John Madden Football, gemu ya futiboli ya Kimarekani, ilitoka kwenye Mega Drive mwaka huohuo, ikafuatwa na mpira wa magongo wa barafu na michezo mingine. Vijana wa Marekani waliopenda michezo walihamia Sega kwa sababu hiyo.

Kampuni nyingine, Accolade, ilichunguza mashine vivyo hivyo lakini haikufikia makubaliano. Sega ikaishtaki. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba kuichunguza programu ya mwenzako ili gemu yako ifanye kazi kwenye mashine yake ni matumizi halali. Hukumu hiyo bado inatajwa kwenye kesi za kompyuta hadi leo.

Sonic ndiye aliyeiokoa Sega?

Alisaidia mno, ila hakuwa peke yake. Sonic the Hedgehog ilitoka Juni 1991, kazi ya Yuji Naka kwenye programu, Naoto Ohshima aliyemchora na Hirokazu Yasuhara aliyebuni viwanja. Kila kitu ndani yake kilipangwa kiwe kinyume cha Mario: kasi badala ya uangalifu, jeuri badala ya upole. Ukimwacha Sonic amesimama, anakukodolea macho na kupigapiga mguu.

Lakini tazama na bei. Tom Kalinske, aliyetoka kwenye biashara ya vinyago, alipewa uongozi wa Sega Marekani mwaka 1990. Mpango wake: shusha bei ya mashine, toa gemu ya Altered Beast iliyokuwa ikija kwenye boksi la mashine na uweke Sonic, tengeneza gemu zaidi Marekani kwa ajili ya Wamarekani, na uishambulie Nintendo kwa jina. Kwa masimulizi ya Kalinske mwenyewe, wakurugenzi Tokyo waliupinga mpango huo karibu wote, na rais wa kampuni, Hayao Nakayama, akamwambia aendelee tu kwa sababu alikuwa ameahidiwa uhuru wa kuamua. Hebu fikiria: kumtoa bure mhusika wako bora kuliko wote!

Super Nintendo ilipofika Marekani mwaka 1991, bei yake ilikuwa dola 199 pamoja na Super Mario World. Mega Drive na Sonic ilikuwa dola 149, na tayari ilikuwa na rafu nzima ya gemu. Krismasi hiyo Sega iliuza zaidi. Mzazi aliyesimama dukani hakuhitaji somo la chipu.

Tukiacha ushabiki, kiufundi ipi ilikuwa bora?

Inategemea unataka nini, na hapa ndipo watu wanapopenda kurushiana namba.

Prosesa ya Mega Drive, Motorola 68000, ilikwenda kwa megahezi 7.6 hivi. Ni ukoo uleule uliotumika kwenye Macintosh za mwanzo, kwenye Amiga na kwenye mashine za Sega za kumbi za michezo. Ya Super Nintendo iliishia megahezi 3.58. Prosesa za aina tofauti hazifanyi kazi sawa kwa kila mpigo, kwa hiyo mtu asikuambie Sega ilikuwa na kasi mara mbili. Hata hivyo tofauti ilionekana. Gradius III kwenye Super Nintendo inajikokota vibaya maadui wakijaa kwenye skrini.

Kwenye rangi, Sega ilikuwa maskini: rangi 64 kwa wakati mmoja kutoka jumla ya 512. Super Nintendo ilionyesha hadi 256 kutoka jumla ya 32,768. Ndiyo maana gemu nyingi za Sega zina sura ya giza kidogo na madoadoa. Wachoraji walipanga nukta za rangi mbili kwa zamu ili jicho lione rangi ya tatu. Super Nintendo iliweza pia kuuzungusha, kuukuza na kuulaza uwanja mzima wa nyuma, na bila uwezo huo tusingekuwa na F-Zero wala Super Mario Kart.

Sauti ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, kwa kuwa hapa mashine hizi zina tabia mbili tofauti kabisa. Chipu ya Yamaha ndani ya Mega Drive ilitengeneza sauti yenyewe kwa kuchezesha mawimbi, kwenye njia sita. Mikononi mwa mvivu inatoa kelele za bati. Mikononi mwa Yuzo Koshiro, kwenye Streets of Rage ya 1991, inatoa muziki wa disko wenye besi ya kutetemesha kifua. Super Nintendo ilitumia chipu ya Sony, iliyobuniwa na Ken Kutaragi, yenye njia nane zilizopiga vipande vya sauti halisi zilizorekodiwa: zeze, ngoma, kwaya. Nobuo Uematsu aliitumia kwenye Final Fantasy VI na matokeo yake bado yanapigwa na okestra. Mimi niko upande wa Super Nintendo kwa muziki wa hisia na upande wa Sega kwa muziki wa kupigana. Huko si kukwepa swali. Sikiliza zote mbili.

Jambo moja zaidi. Kaseti iliweza kubeba chipu ya ziada. Star Fox ya 1993 ilikuja na chipu ya Super FX ndani ya kaseti yenyewe, na Sega ikajibu mwaka 1994 kwa Virtua Racing. Kwa hiyo kulinganisha mashine tupu hakumalizi hesabu.

«Blast Processing» ilikuwa kitu cha kweli?

Hayo ni maneno ya matangazo ya Sega kuhusu kasi ya mashine yake, na yalikuwa na chembe ya ukweli ndani ya gunia la matangazo. Mafundi wa Sega walijua ujanja wa kumimina data za rangi kwa kasi sana kwenye chipu ya picha wakati skrini ikichorwa. Watu wa masoko wakasikia maneno yakiwa na mlio mzuri, wakayachukua. Tangazo likaonyesha Mega Drive ikiwa juu ya gari la mashindano na Super Nintendo juu ya gari bovu linalojikongoja. Ujanja wenyewe haukutumika kwenye gemu yoyote iliyouzwa wakati ule. Watoto walioapa shuleni kwamba wanaiona hiyo kasi walikuwa wakiona prosesa ya kawaida ikifanya kazi yake.

Kwa nini Mortal Kombat hutajwa kila mara?

Kwa sababu ya damu. Gemu hii ya mapigano, iliyotoka kwenye kumbi za michezo, ilitoka kwenye mashine zote mbili siku moja, tarehe 13 Septemba 1993. Nintendo, iliyojali jina lake kwa wazazi, ilitaka damu iondolewe. Toleo la Super Nintendo likawa na jasho la kijivu, na mapigo ya kumalizia yakapunguzwa ukali. Toleo la Sega nalo lilificha damu, lakini ukibonyeza A, B, A, C, A, B, B inarudi yote. Mfumo huo wa vitufe ulisambaa shuleni kwa siku chache. Kwa picha na sauti toleo la Nintendo lilikuwa zuri zaidi. Toleo la Sega ndilo lililouzwa zaidi.

Tarehe 9 Desemba mwaka huo Seneti ya Marekani ikaitisha kikao kuhusu ukatili kwenye gemu, maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl wakiongoza. Howard Lincoln wa Nintendo na Bill White wa Sega walikaa meza moja wakachongeana mbele ya kamera. Lincoln akasema Night Trap, gemu ya Sega iliyolalamikiwa, haitaonekana kamwe kwenye mashine ya Nintendo. White akainua Super Scope, bunduki kubwa ya plastiki ya Nintendo, kuuliza kama hicho nacho ni kitu cha amani. Mwaka uliofuata tasnia ikaunda ESRB, chombo cha kupanga gemu kwa umri. Mwaka huohuo Mortal Kombat II ilitoka kwenye Super Nintendo ikiwa na damu yake yote. Na Night Trap? Mwaka 2018 ilitoka kwenye Nintendo Switch.

Nani alishinda, basi?

Kwa hesabu ya dunia nzima, Nintendo: Super Nintendo milioni 49.1 dhidi ya takriban milioni 30 za Mega Drive, bila kuhesabu zilizotengenezwa na wengine kwa leseni. Japani haikuwa hata mechi. Super Famicom iliuzwa zaidi ya milioni 17 huko, Mega Drive milioni tatu na nusu hivi. Kwenye siku ya kwanza ya Super Famicom mashine 300,000 ziliisha ndani ya saa chache.

Marekani kwa miaka kadhaa walikuwa kama Simba na Yanga, leo huyu, kesho yule. Ulaya Sega ilitangulia mbali kwa kuwa Nintendo ilichelewa. Brazil nako kuna hadithi yake: kampuni ya Tectoy ilitengeneza mashine za Sega ndani ya nchi, huko Manaus, hivyo zikakwepa ushuru mkali wa bidhaa za nje. Mwaka 2017 Tectoy ilikuwa bado inatoa toleo jipya la Mega Drive.

Sega ilikosea wapi?

Iligombana yenyewe kwa yenyewe. Tokyo iliona Wamarekani wanapata sifa kwa mashine iliyodharauliwa nyumbani, na kutoka hapo maamuzi yakaanza kupishana.

Kwanza ikaja Mega-CD, kifaa cha kuiongezea Mega Drive CD, cha gharama kubwa. Kisha Novemba 1994 Marekani ikapewa 32X, kifaa cha kuchomeka juu ya Mega Drive ili kuiongezea nguvu, mwezi uleule ambao Japani ilipata Saturn, mashine mpya kabisa. Mzazi aliyenunua 32X Krismasi akakuta imeshapitwa kabla ya Pasaka. Mei 1995, kwenye maonyesho ya E3 Los Angeles, Kalinske alitangaza kwamba Saturn, iliyotarajiwa Septemba, iko madukani tayari kwa dola 399. Maduka machache tu yalikuwa yamepewa. Yaliyoachwa yalikasirika, na KB Toys ikakataa kuiuza. Watengenezaji wa gemu nao hawakuwa tayari. Siku hiyohiyo mtu wa Sony, Steve Race, akapanda jukwaani, akataja namba moja, 299, yaani bei kwa dola ya PlayStation, mashine mpya ya Sony, akashuka.

Wakati huo Nintendo ilikuwa bado inauza mashine yake ya zamani kwa utulivu. Donkey Kong Country ya Rare, iliyotoka Novemba 1994, ilichorwa kwa kompyuta ghali za Silicon Graphics kisha picha zikaminywa ziingie kwenye kaseti, na iliuzwa zaidi ya nakala milioni tisa. Kalinske aliondoka 1996. Januari 2001 Sega ilitangaza kuacha kutengeneza mashine, na mwaka huohuo Sonic akaonekana kwenye Game Boy Advance, mashine ya mkononi ya Nintendo.

Ni kweli PlayStation ilizaliwa na Nintendo?

Kwa namna fulani. Sony ilikuwa ikitengeneza toleo la Super Nintendo lenye CD. Juni 1991 ikalitangaza Chicago. Kesho yake Nintendo ikatangaza kwamba mshirika wake wa CD ni Philips. Mkataba wa awali uliipa Sony mamlaka makubwa juu ya gemu za CD, na Nintendo ilistuka ilipousoma upya. Kutaragi, yuleyule wa chipu ya sauti, akaichukua aibu ile na kuigeuza PlayStation. Iliuzwa zaidi ya milioni 100.

Mbona wengi wetu Afrika Mashariki hatukumbuki ugomvi huu?

Kwa sababu wengi tuliofikiwa na gemu miaka ile tulifikiwa na mashine bandia, zilizoigizwa kutoka Famicom ya 1983 na kutengenezwa Asia. Zile zenye pedi mbili, bunduki ya plastiki, na kaseti ya njano iliyodai ina gemu 9,999 ilhali ukihesabu ni chache zinazojirudia, Contra na Mario zikiwamo. Nintendo haikupata hata senti. Waliokuwa na Mega Drive ama Super Nintendo halisi mara nyingi walitumiwa na ndugu wa Uingereza au Ghuba, na Mario wa biti nane alikuwa anatosha kujaza sebule ya jirani.

Nimepata mashine ya zamani mtandaoni. Niangalie nini kabla ya kununua?

Umeme kwanza. Adapta ya mashine ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi zetu itaungua. Mega Drive ya kwanza na ya pili zinatofautiana mpangilio wa chanya na hasi kwenye plagi ya adapta, hivyo usiazime tu adapta ya mwenzako.

Pili, mashine za Ulaya zilitengenezwa kwa PAL ya picha 50 kwa sekunde, mfumo uliotumika pia Kenya na Tanzania, na gemu nyingi ambazo hazikurekebishwa zinakwenda taratibu kwa karibu asilimia 17, pamoja na mistari myeusi juu na chini. Ukiona Sonic ni mzito kuliko ulivyosikia, ndiyo sababu. Za Japani na Marekani huenda kwa 60. Baadhi ya TV bapa za sasa huikataa picha ya mashine hizi, kwa hiyo ijaribu kwenye TV yako kabla hujatoa pesa zote.

Tatu, kaseti zinazohifadhi mchezo, kama za Final Fantasy, nyingi zina betri ndogo ndani, aina ya CR2032, na baada ya miaka thelathini nyingi zimekufa. Fundi wa simu anaweza kuchomelea nyingine. Mwambie atumie betri yenye miguu ya bati tayari, asichomelee moja kwa moja kwenye betri tupu, na ujue kwamba alichokihifadhi mwenye kaseti wa kwanza kitafutika betri ikitoka.